OGG1 ya binadamu kutoka kwa bakteria: yale ambayo lebo ya kichupa haisemi

Protini niliyoizoea kuliko nyingine yoyote maabarani ni OGG1. Ndani ya seli zetu ina kazi moja kubwa: kuitafuta guanini (G, moja ya besi au herufi nne za DNA) iliyoharibiwa na oksijeni, ile iitwayo 8-oksoguanini, na kuing'oa kwenye DNA kabla seli haijanakili jeni zake. Isipong'olewa, wakati wa kunakili huweza kupangwa na adenini badala ya sitosini, na mzunguko unaofuata pale palipokuwa na G panakuwa na T moja kwa moja. Hayo ni ya ndani ya seli. OGG1 ya kichupani ina historia nyingine. Mfuatano wake ni wa binadamu, lakini aliyeitengeneza ni bakteria. Mtu akaisafisha, akaigandisha, ikasafirishwa kwenye barafu kavu, ikafika mezani kwangu na karatasi inayosema ni safi kwa zaidi ya asilimia 95 na kwamba ni ya utafiti tu, si ya kutibia mtu.

Hiyo asilimia 95 sina ugomvi nayo. Ila nikishashika pipeti nina maswali mawili ambayo karatasi haiyagusi: kazi ninayoiona kwenye jeli (utando wa kutenganisha vipande vya DNA au protini kwa umeme) ameifanya nani, na katika protini zote zilizomo kichupani, ni ngapi zilizo hai.

Nianze na hilo la nani, maana ndilo linalowapita wengi. Jeni ya OGG1 ya binadamu ilitengwa mwaka 1997, na maabara kadhaa zilifika pale karibu kwa wakati mmoja. Namna ya kuitengeneza inajulikana kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi hizi. Jeni inapachikwa kwenye plasmidi, yaani duara dogo la DNA, plasmidi inaingizwa kwenye E. coli, bakteria wanakuzwa mpaka mchuzi unakuwa mzito kiasi, halijoto inashushwa hadi nyuzi 16 au 18, IPTG, kemikali ya kuiwasha jeni ile, inatiwa, kisha wanaachwa wafanye kazi usiku kucha. Baridi ile inaipa protini nafasi ya kujikunja vizuri. Ukiwaacha kwenye nyuzi 37 watakupa protini nyingi, lakini sehemu kubwa itakuwa madonge yasiyofaa kitu. Asubuhi unawapasua, unawazungusha kwenye sentrifuji, na maji ya juu unayapitisha kwenye kolamu ya nikeli inayoushika mkia wa histidini sita uliopachikwa kwenye protini yako.

Tatizo ni kwamba E. coli naye anaishi na oksijeni, naye DNA yake inaharibika, naye ana wa kuitengeneza. Kimeng'enya chake kinaitwa Fpg. Kina uzito wa takriban kilodaltoni 30, wakati OGG1 ina 39. Ukivilinganisha kwa mfuatano na kwa umbo, si ndugu. Lakini vyote viwili vinang'oa 8-oksoguanini. Fpg haina mkia wa histidini, kwa hiyo ungetegemea ipite kwenye kolamu bila kushikwa. Mara nyingi hupita. Lakini OGG1 hupenda kushikilia DNA, Fpg vilevile, na mchuzi wa bakteria waliopasuliwa umejaa vipande vya DNA. Vimeng'enya viwili vikishikilia kipande kimoja, kolamu ikimkamata mmoja inaweza kumchukua na mwenzake. Isitoshe, OGG1 ni mzito wa kazi, anaenda polepole. Fpg kidogo kisichoonekana hata ukipaka jeli rangi ya Coomassie, inayoonyesha protini, kinaweza kufanya sehemu kubwa ya ukataji unaoupima, nawe ukaandika kwenye daftari kwamba OGG1 yako ni hodari.

Ndiyo maana siku hizi sikubali kolamu moja. Baada ya nikeli, protini inaoshwa kwa chumvi nyingi, hadi molari 1 ya NaCl, ili iachie DNA, kisha inapitishwa kwenye kolamu ya heparini au ya kubadilishana chaji na kutolewa kwa chumvi inayopanda taratibu. Kabla ya kwenda mbele natazama uwiano wa 260 kwa 280 (mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 ukigawanywa kwa ule wa 280) kwenye mashine ya kupimia mwanga. Protini tupu hukaa karibu na 0.6. DNA tupu iko karibu na 1.8. Nikiona 1.1, hata jeli ya protini iwe nzuri kiasi gani, najua ndani kuna DNA ya bakteria imeng'ang'ania, na mahali ilipo DNA hiyo sishangai kukuta na wageni wengine.

Kuna bechi moja tuliyonunua ambayo ilinifundisha hili kuliko maelezo yoyote. Tulikuwa tunailinganisha na ile tuliyotengeneza wenyewe. DNA ya kujaribia ilikuwa oligo (kipande cha DNA cha kutengenezwa) fupi yenye 8-oksoguanini moja katikati, imepangwa na mwenzake mwenye sitosini upande wa pili, na kwenye ncha ya 5' (mwanzo wa uzi; mwisho wake huitwa 3') ina rangi inayong'aa. Kijana aliyekuwa akijifunza kwetu alitazama picha ya jeli akafurahi.

"Mwalimu, hii ya kununua inakata karibu mara mbili ya ile yetu."

"Naiona. Na hii bendi ya chini kabisa, imetoka wapi?"

Hapo ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu jibu lote lilikuwa kwenye milimita chache za jeli. OGG1 ikishaing'oa besi huukata uti wa DNA mahali pamoja tu, upande wa 3' wa pengo lililoachwa na besi, na kipande kinachobaki kina masalia ya sukari yaliyogeuka aldehidi kwenye ncha yake. Fpg hukata pande zote mbili za pengo, masalia ya sukari yanaondoka, na ncha inabaki na fosfeti tupu. Kwenye jeli ya akrilamidi ya asilimia 20 yenye urea, ukiiacha itembee vya kutosha, kipande chenye fosfeti hutangulia kile chenye aldehidi. Bendi mbili zilizokaribiana: ya juu kidogo ni saini ya OGG1, ya chini yake ni saini ya Fpg. Bechi ile ya kununua ilikuwa nazo zote mbili, na ya chini ndiyo iliyokuwa nene.

Watu wengi hawaioni tofauti hiyo, na si kwa uzembe. Hatua ya OGG1 ya kung'oa besi ni ya haraka kuliko hatua yake ya kukata uti. Kwa hiyo ukitaka kujua besi ngapi zimeng'olewa, kawaida unatia NaOH, alkali kali, na kupasha moto ili kila pengo livunjike. Ni njia nzuri na mimi naitumia kila wiki. Lakini alkali ya moto inavunja pande zote mbili za pengo, na kipande cha OGG1 kinaishia na fosfeti ileile anayoiacha Fpg. Ushahidi umefutwa na hatua ya kawaida kabisa ya itifaki. Dawa yake ni rahisi: kila sampuli naigawa nusu kwa nusu, moja inapata NaOH na nyingine haipati, nazipanga jirani kwenye jeli. OGG1 safi itaonyesha ukataji mdogo bila NaOH na mkubwa ikiwa nayo. Protini inayokata sawasawa kwenye hali zote mbili inanitia mashaka hata kabla sijatafuta bendi ya chini.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda zaidi, nacho kinahitaji uvumilivu wa kutengeneza protini ambayo haifanyi kazi. Asidi amino ya 249 katika OGG1 ni lisini, na ndiyo inayoshambulia sukari ya DNA ili besi iachiwe. Ukiibadilisha ikawa glutamini, unapata protini iitwayo K249Q: inajikunja vizuri, inaishika 8-oksoguanini vizuri, lakini haiing'oi. Picha maarufu ya OGG1 ikiwa imeshika DNA, iliyotolewa na kundi la Gregory Verdine mwaka 2000, ilipatikana kwa kutumia mfu huyu, kwa sababu mzima angemaliza kazi kabla fuwele hazijajipanga. Katika picha ile guanini iliyoharibika imegeuzwa ikatoka nje ya ngazi ya DNA na kuingia kwenye mfuko wa protini, na kinachoitofautisha na guanini ya kawaida ni kifungo kimoja cha haidrojeni na glisini ya 42. Kimoja tu. Mpaka leo nikilifikiria hilo naona ni jambo la ajabu, ukizingatia kwamba protini hiyo inapekua DNA yenye besi jozi takriban bilioni 3.

Turudi kwenye K249Q. Ninapotengeneza OGG1 nzima, natengeneza na K249Q sambamba: bakteria wa aina ileile, mchuzi uleule, kolamu zilezile, chumvi ileile. Halafu nazijaribu zote mbili. Chochote kinachokatwa na kichupa cha K249Q hakikukatwa na OGG1, hakuna maelezo mengine. Nimesikia wenzangu wakisema huo ni upotevu wa bafa na muda. Kwangu mimi maabara inayochapisha kasi ya OGG1 iliyotengenezwa ndani ya E. coli bila kuonyesha mfu wake pembeni imeacha nafasi tupu kwenye jedwali. Anayeweza kupata E. coli ambaye jeni yake ya Fpg imeondolewa amejirahisishia mengi, na hao wapo. Hata hivyo K249Q ningeitengeneza tu.

Sasa swali la pili, la ngapi zilizo hai. Kipimo cha Bradford, cha rangi inayoshika protini, huhesabu protini nzima na iliyoharibika bila kubagua. OGG1 iliyokaa vibaya kwenye friza haibadilishi uzito wala haipotei kwenye jeli. Inabaki pale pale, imenyooka mahali fulani ndani, haifanyi kitu. Kwa hiyo mtu anaposema ametumia nanomola 10 za OGG1, huwa nauliza: za Bradford au za kazi?

Kinachosaidia kujibu ni tabia ya OGG1 yenyewe. Ikishang'oa besi haiachii DNA upesi. Ni kama fundi aliyemaliza kazi na kulipwa lakini bado amesimama mlangoni. Ukiipa DNA nyingi kuliko yenyewe, kila protini iliyo hai hufanya mzunguko mmoja kwa haraka, kisha kila kitu kinapunguza mwendo kwa sababu zote zimeng'ang'ania zao la kwanza. Kwenye grafu unaona mruko wa mwanzo halafu mstari unaopanda taratibu. Wanaoanza huona mstari ule wakadhani kimeng'enya kimekufa njiani. Urefu wa mruko ndio hesabu ninayoitaka. Tuseme nimeweka nanomola 10 kwa kipimo cha Bradford na DNA nanomola 200, na mruko umefika nanomola 4. Basi zilizo hai ni asilimia 40, na hesabu zangu zote za kasi nazifanya kwa 4, si kwa 10. Nimewahi kuona bechi ambayo jeli yake ilikuwa bendi moja maridadi na walio hai hawafiki nusu.

Kuhakikisha, kuna mtego wa borohaidraidi ya sodiamu. Lisini ya 249 inaposhambulia DNA hujiunga nayo kwa muda mfupi. Ukiwa umetia borohaidraidi, muungano ule unakuwa wa kudumu, na kwenye jeli ya SDS, inayotenganisha protini kwa uzito, ile DNA yenye rangi inapanda juu ikiwa imebebwa na protini. Protini iliyokufa haiwezi kujiunga, kwa hiyo haionekani. Mtego huu hunipa kima cha chini, kwa kuwa haunasi kila aliye hai, lakini una faida ya ziada: Fpg nayo hunaswa, na kwa kuwa ni nyepesi, mchanganyiko wake unakaa chini ya ule wa OGG1. Bechi ile ya kununua ilipowekwa kwenye mtego ilitoa bendi mbili, na ubishi uliisha hapo. Muuzaji alirudisha fedha bila kutoa maelezo. Nadhani hakuwahi kuitazama kwa macho hayo.

Kuhusu uniti zinazoandikwa kwenye lebo sina mengi. Uniti ni ahadi inayotegemea DNA gani, joto gani, dakika ngapi, na kama NaOH ilitumika. Vichupa viwili vya wauzaji wawili vyenye uniti sawa vinaweza kuwa na protini kwa kiasi tofauti kabisa. Nazisoma, kisha napima mwenyewe kwa DNA yangu.

Utunzaji ni hadithi ndefu, lakini mambo machache ndiyo yanayoamua. Akiba kubwa naigandisha kwa naitrojeni ya maji katika vichupa vidogo vya kutumia mara moja na kuiweka kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Ya kutumia kila siku inakaa kwenye gliseroli ya asilimia 50, kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ambako haigandi. Friza zile zinazojiyeyusha barafu zenyewe sizitaki kabisa karibu na vimeng'enya. Zinapanda joto na kushuka usiku mtu akiwa amelala. Gliseroli nayo ni nzito na yenye kunata, hivyo ncha ya pipeti ikizamishwa ndani hutoka na matone yamenata kwa nje, na tone moja la nje linaweza kuwa kubwa kuliko ulichopima ndani. Ncha iguse uso tu, ivute polepole, isubiri kidogo, ipanguswe ukingoni.

Ukiipunguza sana, chini ya nanomola kadhaa, OGG1 huanza kushikamana na plastiki ya kichupa. Unaweza kuona ukataji ukishuka kutoka sampuli ya kwanza hadi ya mwisho ingawa zote zimetoka chupa moja. Albumini ya ng'ombe kidogo, miligramu 0.1 kwa mililita, huizuia. Inahitaji pia DTT au TCEP, kemikali za kuzuia uoksidishaji, ya kuzilinda sisteini zake zisioksidishwe. Hapo kuna jambo la kuuliza kabla ya kununua: OGG1 ina aina mbili zinazopatikana kwa watu, yenye serini kwenye nafasi ya 326 na yenye sisteini, na hii ya pili, iliyo ya kawaida zaidi Asia Mashariki, huathirika upesi zaidi inapooksidishwa. Karatasi nyingi huandika tu kwamba ni ya binadamu.

Halafu EDTA, kemikali inayonasa metali. OGG1 haihitaji metali yoyote, kwa hiyo EDTA kwenye bafa haiisumbui. Nyuklezi (vimeng'enya vya kukata DNA) nyingi za bakteria zinazoweza kuwa zimejificha kichupani huhitaji magnesi, na EDTA huzinyamazisha. Kwa hiyo majaribio ya kwanza ya bechi mpya nayafanya yenye EDTA na yasiyo nayo. Tofauti ikiwa kubwa, kuna mtu wa tatu chumbani. Ila jambo hilohilo lina upande wake mwingine. Wanaotoka kwenye APE1, kimeng'enya kingine cha kutengeneza DNA, ambayo bila magnesi haifanyi kitu, huja na mazoea ya kusimamisha jaribio kwa EDTA. OGG1 itaendelea na kazi kichupani wakati wewe unaandaa jeli. Ni lazima uiue kwa formamidi na joto, au SDS.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mateso yote haya. Kwangu sababu kubwa ni kipimo cha kometi, ambapo viini vya seli huwekwa kwenye agarosi, vinatiwa kimeng'enya, na mkia wa DNA unaotoka kwenye umeme unasomwa kama kiasi cha uharibifu. Wanaotumia Fpg wanajua inaona na uharibifu mwingine, ukiwemo ule wa kemikali zinazobandika vikundi vya alkili kwenye DNA. OGG1 inachaguliwa kwa sababu macho yake ni membamba zaidi. Kichupa cha OGG1 chenye Fpg ndani kinakurudishia upana uleule uliolipa fedha kuukwepa, na safari hii hujui. Nyuklezi ni mbaya zaidi, maana zinatoa mikia hata kwa seli ambazo hazikuguswa na kitu. Kwa hiyo kila bechi inapita kwanza kwa seli zisizotibiwa, kwa viwango vinavyopanda, na natafuta mahali mkia unapotulia kabla ya kuanza kupanda tena bila sababu.

Tomas Lindahl, aliyegawana Nobeli ya kemia ya 2015 na Paul Modrich na Aziz Sancar, mwaka 1974 alieleza kimeng'enya cha E. coli kinachong'oa urasili, besi isiyotakiwa, kwenye DNA. Alikipata kwa kuifuata kazi yenyewe kwenye mchuzi wa bakteria, kazi kwanza na protini baadaye. Sisi tunaonunua vichupa tumeanza mwisho: protini kwanza, na kazi tunaiamini.

Siku hizi kabla ya kuagiza namwandikia muuzaji barua fupi. Ni bakteria gani, na jeni yake ya Fpg ipo au haipo? Nafasi ya 326 ina nini? Uwiano wa 260 kwa 280 ni ngapi? Walio hai ni asilimia ngapi, na mmepimaje? Naomba jeli ya ukataji isiyo na NaOH, nzima, isiyokatwa pembeni. Wengi hunijibu kwa kunitumia karatasi ileile iliyoko kwenye katalogi. Mmoja alijibu baada ya wiki kadhaa, akaambatanisha jeli nzima na K249Q yao pembeni, na kwenye mstari wa K249Q kulikuwa na kivuli hafifu cha bendi ya chini ambacho alikizungushia duara yeye mwenyewe. Tunanunua kwake.